Mafundo 11 ya Newala na Namba Zisizogawanyika

Mwaka 1906, moto wa vita vya Maji Maji ukiwa bado haujazimika kusini mwa Tanzania ya leo, Mjerumani aliyeitwa Karl Weule, mtu wa makumbusho kutoka Leipzig, alipita Masasi, akapanda uwanda wa Makonde na kuweka kambi Newala. Miongoni mwa vitu alivyoonyeshwa huko ni kipande cha kamba ya gome la mti, urefu wake kama futi moja, chenye mafundo 11 yaliyoachana kwa nafasi sawa. Ilikuwa kalenda ya safari. Mtu anayeondoka kwa siku 11 alimwonyesha mkewe fundo baada ya fundo: hili ni la leo ninapotoka, hili la kesho nikiwa njiani, hapa nitakuwa nimefika, hapa nimeanza kurudi, na hili la mwisho ndiyo siku ya kunipokea.

Weule aliiona kamba hiyo kama kifaa cha kuhesabia siku, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini mpenda hesabu akiitazama anaona jambo la pili. Mafundo 11 hayakubali kugawanywa. Yatenge mawili mawili, moja linabaki. Matatu matatu, yanabaki mawili. Manne manne, yanabaki matatu. Matano matano, linabaki moja tena. Hakuna njia ya kuyaweka katika mafungu yaliyo sawa, ila fungu moja lenye yote au mafungu 11 ya fundo moja moja. Namba za tabia hiyo ndizo zinazofundishwa shule ya msingi kwa jina la namba tasa: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23 na kuendelea.

Wanafunzi hukutana nazo wanapotafuta kigawe kidogo cha shirika (KDS) na kigawo kikubwa cha shirika (KKS), wakishusha ngazi ya vigawo pembeni mwa daftari, na mtihani ukipita wanaagana nazo. Ni hasara kubwa, kwa sababu somo linakatwa pale linapoanza kunoga. Namba tasa moja yenye tarakimu 77 inafanya kazi usiku na mchana ndani ya simu za Masasi na Newala, na hesabu inayoieleza ni ile ile ya kuzidisha, kugawa na kutazama baki.

Mfano wa kwanza uko barabarani. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, ambayo wakazi wa uwanda wameiombea lami kwa miaka mingi, ina urefu wa kilomita 210. Namba hiyo ni 2 × 3 × 5 × 7, yaani namba tasa nne za mwanzo, kila moja ikitumika mara moja tu. Kipande cha Mtwara hadi Mnivata ni kilomita 50, ambazo ni 2 × 5 × 5. Kilichobaki, Mnivata hadi Masasi kupitia Newala, ni kilomita 160: mbili tano zikizidishwa pamoja, kisha mara 5. Kila namba kamili inayozidi 1, kama si tasa yenyewe, hufumuliwa hivyo, na hufumuliwa kwa njia moja tu. Mwanafunzi wa Kitangari anaweza kuanza kugawa 210 kwa 7, na mwenzake wa Mtandi akaanza na 2, lakini mwishoni wote watabaki na 2, 3, 5 na 7 mkononi. Nadharia nzima ya namba imejengwa juu ya ukweli huo.

Sasa ongeza kilomita moja.

Namba 211 haigawanyiki kwa 2, kwa kuwa 210 iligawanyika na moja imezidi. Kwa sababu hiyo hiyo haigawanyiki kwa 3, wala kwa 5, wala kwa 7. Yapata miaka 2,300 iliyopita, Euclid wa Aleksandria, Misri, aliitumia hoja ya aina hii kuonyesha kwamba namba tasa hazina mwisho. Zidisha zote unazozijua, ongeza 1, na utapata ama tasa mpya au namba ambayo vigawo vyake tasa havimo kwenye orodha yako. Namba 211 ni tasa. Ukiingiza 11 kwenye kuzidisha unapata 2,311, nayo ni tasa. Ukiingiza na 13 unapata 30,031, na hapa wengi hujikwaa, kwa maana hii si tasa: ni 59 × 509. Hoja ya Euclid haijavunjika hata hivyo. Kati ya 59 na 509 hakuna iliyokuwamo katika orodha ya 2, 3, 5, 7, 11 na 13, na hicho ndicho alichokihitaji. Orodha yoyote utakayoandika, iwe ndefu kiasi gani, ina pengo.

Ukanda huu wa Afrika una shahidi mwingine wa hesabu, mkongwe kuliko Euclid kwa mbali sana. Mwaka 1950, mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa mdogo uliochanjwa mistari huko Ishango, mashariki mwa Kongo, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Umri wa mfupa huo hukadiriwa kuwa kama miaka 20,000, na leo umehifadhiwa Brussels. Mistari yake imekaa katika safu tatu. Safu moja ina mafungu manne, yenye mistari 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo namba tasa zote zilizopo kati ya 10 na 20, na jumla yake ni 60. Safu nyingine ina mafungu ya 11, 21, 19 na 9, ambayo jumla yake pia ni 60.

Wapo waliotangaza kwamba mchongaji wa Ishango alizijua namba tasa. Wengine wanaona kalenda ya mwezi, na wengine wanaona mikwaruzo ya kuzuia mfupa usiteleze mkononi. Wenye tahadhari wana hoja nzito zaidi. Ili mtu aitambue namba tasa lazima kwanza awe na wazo la kugawa, na hakuna alama kwenye mfupa huo inayoonyesha kugawa. Mafungu manne yanaweza kuangukia hapo kwa bahati. Heshima ya Ishango haipungui kwa kusema hivyo: mtu aliyehesabu kwa uangalifu miaka 20,000 iliyopita anastahili kutajwa kwa kile alichokifanya, bila kuongezewa.

Hata hivyo namba zake nne zinafaa kutumika kama mlango wa kuingilia kwenye namba kubwa. Pandisha 2 kwenye kipeo cha kila moja, kisha toa 1. Kipeo cha 13 kinatoa 8,191. Kipeo cha 17 kinatoa 131,071. Kipeo cha 19 kinatoa 524,287. Zote tatu ni tasa, na mbili za mwisho zilithibitishwa na Pietro Cataldi wa Bologna mwaka 1588, kwa mkono na kwa uvumilivu, akigawa kwa tasa moja baada ya nyingine. Kipeo cha 11 kinatoa 2,047, na hii ni 23 × 89. Namba ya kamba ya Newala ndiyo iliyoanguka.

Kuanguka huko kuna somo. Zamani wapo walioamini kwamba kipeo kikiwa tasa, jibu nalo lazima liwe tasa, na 2,047 peke yake inatosha kuwakanusha. Kilicho kweli ni kinyume chake: kipeo kisipokuwa tasa, jibu haliwezi kuwa tasa. Kwa hiyo anayewinda namba za namna hii, ambazo zimepewa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne wa karne ya 17, hupima vipeo vilivyo tasa peke yake. Hata hivyo, vingi vya vipeo hivyo humwacha mikono mitupu.

Oktoba 2024, minada ya korosho ya msimu wa 2024/2025 ilipokuwa ikifunguliwa kusini, uwindaji huo ulizaa matunda mahali pengine kabisa. Kompyuta moja iliyoko Dublin, Ireland, ilitoa ishara kwamba 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ukitoa 1, huenda ni tasa. Kompyuta nyingine huko San Antonio, Texas, ikathibitisha. Aliyekuwa akiendesha hesabu hizo ni Luke Durant, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya NVIDIA, chini ya mradi wa GIMPS ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996. Mradi huo unampa mtu yeyote programu ya bure ili kompyuta yake isaidie kutafuta wakati haina kazi nyingine.

Namba hiyo ina tarakimu 41,024,320. Mtu akiisoma kwa sauti, tarakimu moja kila sekunde, bila kulala wala kula, atahitaji siku zaidi ya 474. Ikichapwa kwa tarakimu 3,000 katika kila ukurasa, itajaza kurasa zaidi ya 13,600. Na bado kipimo chake kinaweza kuandikwa kwa mstari mmoja: anza na 4, izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba unayoipima, shika baki, kisha rudia. Jaribu kwa 31, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 5 ukitoa 1. Unaanza na 4. Hatua ya kwanza inakupa 14. Ya pili inakupa 194, na ukigawa kwa 31 baki ni 8. Ya tatu inakupa 62, baki ni sifuri. Sifuri ikitokea kwenye hatua iliyopangiwa, ambayo ni kipeo ukitoa 2, namba ni tasa. Kwa 31 ni hatua tatu. Kwa namba ya Durant ni hatua 136,279,839, karibu kila moja ikizidisha namba yenye tarakimu milioni nyingi.

Hadi sasa namba hiyo haijapata kazi nje ya rekodi yenyewe. Inayofanya kazi ni ndogo zaidi, na inaandikika hapa yote:

57,896,044,618,658,097,711,785,492,504,343,953,926,634,992,332,820,282,019,728,792,003,956,564,819,949

Hiyo ni 2²⁵⁵ − 19. Ilichaguliwa na mwanahisabati Mmarekani Daniel Bernstein, aliyeichapisha pamoja na njia ya kuitumia mwaka 2006. Tangu Aprili 2016 WhatsApp imekuwa ikifumba ujumbe wa watumiaji wake wote, na namba hii imo ndani ya ufumbaji huo. Tovuti nyingi ambazo anwani zake huanza na https huitumia pia, au hutumia tasa nyingine ya ukubwa unaokaribiana nayo, yenye tarakimu 78. Karani wa chama cha msingi akimtumia mwenzake picha ya hati kutoka ghalani, au mkulima akifungua programu ya benki kwenye simu janja kuangalia kama fedha za korosho zimeingia, namba za ukoo huu zimepiga hesabu kabla skrini haijabadilika.

Simu ya kitochi ni habari nyingine. Menyu inayofunguka kwa nyota na reli hailindwi kwa namba tasa kati ya mtumiaji na benki. Mawimbi yake hufumbwa kwa siri iliyomo ndani ya laini, ambayo kampuni ya simu nayo inayo nakala yake. Ni vizuri msomaji aijue tofauti hiyo, kwa sababu watu wengi vijijini bado wanatuma fedha kwa njia hiyo ya pili.

Kwa nini tasa? Jibu linaonekana hata kwa tasa ndogo kama 11. Weka sharti kwamba jibu lolote likizidi 10 litagawanywa kwa 11 na kubakizwa baki tu. Anza na 2 na uendelee kuzidisha kwa 2. Unapata 2, 4, 8, kisha 16 inageuka 5, halafu 10, 9, 7, 3, 6 na mwishowe 1. Namba zote kuanzia 1 hadi 10 zimepita, kila moja mara moja, kwa mfuatano usiotabirika kwa kutazama. Fanya hivyo hivyo kwa 12: 2, 4, 8, 4, 8, 4, 8. Imenasa kwenye duara fupi na haitoki.

Kuna ugonjwa mwingine katika 12. Humo 3 × 4 inatoa baki sifuri, yaani namba mbili zenye thamani zimezidishwa na zote zimepotea. Katika 11 jambo hilo halitokei kamwe. Humo 3 × 4 ni 1, na kila namba ina mwenzake wa kuirudisha kwenye 1: 2 ina 6, 5 ina 9, 7 ina 8, na 10 inajitosheleza yenyewe. Kwa sababu hiyo kugawa kunawezekana ndani ya 11 bila sehemu wala desimali, na kila hesabu inaweza kufanywa kwenda mbele na kurudi nyuma. Sifa hiyo ni ya tasa zote, ndogo na kubwa. Namba isiyo tasa haina.

Sasa weka watu wawili, mmoja Masasi na mwingine Newala, wanaotaka kuwa na siri ya pamoja huku kila wanachotumiana kikisikika. Wamekubaliana hadharani kutumia 11 na 2. Wa Masasi anachagua kimoyomoyo namba 4. Anapandisha 2 kwenye kipeo cha 4, anapata 16, baki 5, na anatuma hiyo 5. Wa Newala amechagua 7. Anapandisha 2 kwenye kipeo cha 7, anapata 128, baki ni 7, na anaituma. Wa Masasi anaichukua 7 iliyomfikia na kuipandisha kwenye kipeo cha siri yake: 7 kwa kipeo cha 4 ni 2,401, baki 3. Wa Newala anaipandisha 5 iliyomfikia kwenye kipeo cha 7: inakuwa 78,125, baki 3. Wote wawili wana 3, na 3 haikupita hewani hata mara moja. Njia hii ilitangazwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976.

Msikilizaji wa pembeni ana 11, 2, 5 na 7. Kwa namba hizo ndogo atajaribu vipeo kumi na kufichua kila kitu kabla chai haijapoa. Lakini ondoa 11, weka 2²⁵⁵ − 19, na kujaribu vipeo kimoja kimoja hakuwezekani tena kwa kompyuta yoyote iliyopo. Zipo njia za mkato zinazopita kujaribu huko, kwa hiyo Bernstein alitumia ugumu mwingine. Katika njia yake hazizidishwi namba tupu; zinajumlishwa nukta za mchirizo wenye mlinganyo y² = x³ + 486662x² + x, na hesabu zote zinafanywa kwa mabaki ya namba hiyo kubwa.

Na 19 ilitoka wapi? Kompyuta huhesabu kwa mbilimbili, kwa hiyo Bernstein alitaka tasa iliyo jirani kabisa na kipeo cha 2. Katika mabaki ya namba yake, 2²⁵⁵ ni sawasawa na 19. Jibu likivuka mpaka, kompyuta haina haja ya kufanya mgawanyo mrefu: inakata sehemu iliyozidi, inaizidisha kwa 19 na kuijumlisha na iliyobaki. Simu ya bei nafuu inafanya hivyo kwa muda mfupi mno. Namba zote zilizo karibu zaidi na 2²⁵⁵ kwa upande wa chini hazikufaa, na sehemu kubwa ya uchunguzi huo inawezekana kwa kalamu. Tarakimu za mwisho za 2²⁵⁵ ni 968. Ukitoa 3 au 13 unapata namba inayoishia na 5. Ukitoa 5, 11 au 17 unapata namba inayogawanyika kwa 3. Ukitoa 1 au 15, inagawanyika kwa 7. Ukitoa 9, inagawanyika kwa 17. Ni ile ya kutoa 7 peke yake inayodai kazi zaidi, nayo pia si tasa. Ya kumi katika witiri, ile ya kutoa 19, ndiyo iliyosimama.

Msomaji mwenye subira anaweza kuanza kuipima mwenyewe. Jumla ya tarakimu zake 77 ni 376, na kwa kuwa 376 haigawanyiki kwa 3, namba nzima haigawanyiki kwa 3. Tarakimu zake mbili za mwisho ni 49, kwa hiyo ukiigawa kwa 4 baki ni 1. Hilo la mwisho lina uzito usiotarajiwa. Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa wa karne ya 17, aligundua kwamba kila tasa inayoacha baki 1 ikigawanywa kwa 4 ni jumla ya vipeo viwili vya pili. Namba 13 ni 4 na 9. Namba 17 ni 1 na 16. Tasa zinazoacha baki 3, kama 11 na 19, haziwezi kabisa. Kati ya namba nne za mfupa wa Ishango, mbili zina sifa hiyo na mbili hazina, na namba ya Bernstein iko upande wa 13 na 17.

Kuimaliza kazi kwa kugawa ndiko kusikowezekana. Mtu angepaswa kujaribu vigawo hadi kipeuo chake cha pili, ambacho kina tarakimu 39. Kompyuta inayojaribu vigawo trilioni moja kwa sekunde, hata ikiruka namba shufwa zote, ingehitaji mabilioni ya mabilioni ya miaka. Ndiyo maana kila anayesikia kwamba namba hii imethibitishwa kuwa tasa ana haki ya kuuliza: imethibitishwaje?

Njia inaanzia kwa Fermat yule yule. Alieleza kwamba ukiwa na tasa, na ukachukua namba isiyogawanyika kwayo na kuipandisha kwenye kipeo kilicho pungufu kwa moja kuliko tasa hiyo, baki ni 1 daima. Kwa 11, kipeo cha 10: 2 inakuwa 1,024, nayo ni 11 × 93 na moja juu. Namba inayoshindwa kipimo hiki si tasa, na hukumu hiyo inatolewa bila kujua kigawo chake hata kimoja. Hilo ndilo jambo la kushangaza kuliko yote katika somo hili: mtu anaweza kuwa na uhakika kamili kwamba namba inagawanyika bila kujua inagawanyika kwa nini. Kipimo kina udhaifu, maana kuna namba zinazojipenyeza. Namba 561 ni 3 × 11 × 17, lakini inapita kwa kila namba isiyoshirikiana nayo kigawo. Kwa uthibitisho kamili inabidi kuchunguza namba iliyo pungufu kwa moja. Kwa tasa ya Bernstein, namba hiyo ni 4 × 3 × 65,147 × tasa nyingine yenye tarakimu 71, na hiyo ya tarakimu 71 inatosha kuwa mhimili wa uthibitisho unaomalizwa na kompyuta ya kawaida ya mezani kwa muda mfupi sana.

Tasa za ukubwa huo si adimu kama mtu anavyoweza kudhani. Kadiri namba zinavyokua tasa hupungua, lakini hupungua polepole. Kati ya 1 na 100 zipo 25. Karibu na 2²⁵⁵, kwa wastani, kuna moja katika kila namba 177.

Tishio lipo, na ni la kweli. Mwaka 1994 Peter Shor, Mmarekani, alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta, ikijengwa kubwa ya kutosha, ingefichua siri za njia ya Diffie na Hellman, na pia za njia ya RSA ya mwaka 1977 inayotegemea ugumu wa kufumua namba iliyozaliwa na tasa mbili kubwa. Kompyuta ya ukubwa huo haijajengwa. Lakini ujumbe unaonaswa leo unaweza kuhifadhiwa na kusomwa baadaye, kwa hiyo kazi ya kubadilisha ulinzi imeshaanza. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa kanuni mpya za ufumbaji, na mwaka huo huo kivinjari cha Chrome kwenye kompyuta kilianza kutumia ulinzi wa aina mpya sambamba na namba ya Bernstein, kimoja kikikinga udhaifu wa kingine.

Katika moyo wa mojawapo ya kanuni hizo mpya, ile ya kubadilishana siri, kuna tasa pia, na safari hii ni ndogo kiasi cha kuingia darasani. Ni 3,329. Ugumu wa njia hiyo hautokani na ukubwa wa namba. Unatokana na wingi wa milinganyo inayofanywa kwa pamoja, kila mmoja ukiwa umetiwa kosa dogo la makusudi. Tasa imechaguliwa kwa sababu ukitoa 1 unapata 3,328, ambayo ni 13 × 256, na hiyo 256 inairahisishia kompyuta kuzidisha kwa kasi. Kipeuo cha pili cha 3,329 hakifiki 58, kwa hiyo mwanafunzi wa darasa la sita anahitaji kujaribu tasa 16 tu, kuanzia 2 hadi 53. Akifika 13 baki ni 1. Akifika 37 atakaribia sana, maana baki ni 36. Mgawanyo wa mwisho, ule wa 53, unaacha 43.